Kipanya Nilichokunyima

Natalia mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi pale uani, ukaniitikia huku mkono wa kushoto umeuficha ndani ya sweta, kwa hiyo hapa sizirudii. Naandika kwa ajili ya mkono huo. Kesho unapanda basi kwenda Arusha kuanza kazi ya kuandika programu za kompyuta, kazi ya kushinda vidole viko mezani, nami najua kwamba mkono unakuuma, na kwamba ulimwomba mama yako nisiambiwe. Usimlaumu. Hajanitolea siri hata chembe.

Mambo ya kula, kulala, kufunga mlango na watu wa kukaa nao mbali, mama yako na shangazi zako wameyamaliza. Nilikuona jana unaitikia "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" bila kuinua kichwa, nikajua umeshiba. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu kidogo, nivumilie. Duka nimelifunga mapema, na naandika kwa kalamu kwa sababu nikikaa mbele ya kibodi kidole changu kinakimbilia kona yake chenyewe, hata nikikikataza.

Juzi mchana nilirudi nyumbani kuchukua ufunguo wa duka niliousahau. Nikawasikia mko jikoni. Mama yako alikuwa anakukanda mkono kwa maji ya moto yenye chumvi, na wewe unagumia kama mtu anayeng'olewa jino. Nilitaka kuingia niulize kulikoni. Ndipo nikakusikia unamwambia:

"Mama, baba asijue. Ataniona goigoi."

Nikaondoka bila ufunguo. Nilikwenda kukaa kwenye kibaraza cha duka langu mwenyewe, mlango umefungwa, na kila mteja aliyekuja kutoa kopi nikamwambia umeme umekatika, huku redio ya Alhaji, jirani yangu muuza vitenge, inaimba kwa sauti ya juu. Alhaji wa watu alinitazama, akaelewa kuna jambo, akaizima redio yake.

Hilo neno goigoi ni langu, mwanangu. Nimelitumia miaka yote kwenye darasa langu la kompyuta kwa kila mwanafunzi aliyeinua mkono kutoka kwenye kibodi akakamata kipanya. Nilidhani ni utani wa mwalimu. Kumbe wewe uliyekuwa umekaa kiti cha nyuma ukifanya kazi zako za shule ulikuwa unalipokea kama amri.

Nikueleze nilikolitoa. Wewe Oldeani umeijua kwa kupita tu na kulalamikia mashimo ya barabara. Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa kule, na bibi yako alikuwa mchumaji. Mkono wa mchumaji hautulii. Unakwenda kwenye tawi, unachagua buni iliyoiva, unarudi kikapuni, unakwenda tena, moja moja, kutwa nzima, na jioni msimamizi anakuja kusema kikapu hakijajaa. Nilimwona mama yangu akisemeshwa vile mbele yangu, akiwa amekunja mikono kama mtoto. Niliapa kwamba kazi ya mkono kwenda na kurudi mimi sitaifanya.

Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya kujifunza tapureta kwenye ofisi ya shamba hilohilo. Karani mkuu alikuwa mtu mkali asiyecheka. Alikuwa anatufunika mikono kwa khanga kuukuu tusitazame herufi, na ukichungulia, rula. Nililia sana moyoni. Lakini siku vidole vilipojua njia vyenyewe, loh, nilijisikia mtu. Bibi yako alipita dirishani na kikapu chake, akasimama kunisikiliza, akawaambia wenzake kwamba mwanawe anapiga kinanda.

Baadaye ikaletwa kompyuta ya kwanza, na kipanya chake. Kijana wa hesabu alikishika, akawa anapeleka mshale kwenye kijipicha, anabofya, anarudi, anapeleka tena. Wenzangu wote wakashangilia. Mimi nilimwona mama yangu kwenye mistari ya kahawa. Nikakichukia kile kidude hapohapo, nikaanza kujifunza njia zote za mkato za kibodi, ya kunakili, ya kubandika, ya kuhifadhi, ya kuruka kutoka neno hadi neno, nikajiwekea sheria kwamba mkono hauondoki kwenye vitufe. Watu waliuita ufundi, nami nikakubali waite hivyo. Ndani yake ilikuwa aibu tu, ya mtoto wa mchumaji asiyetaka kukumbushwa.

Sheria hiyo nikahamia nayo Karatu nilipofungua duka na darasa. Unakumbuka misumari ile ukutani. Vipanya vyote nilivitundika pale kwa mikia yake, na mwanafunzi mpya, awe dereva wa watalii au dada wa mapokezi, kitu cha kwanza alichomoa chake akanikabidhi. Walicheka, nikacheka, mambo yakaenda. Kuna binti wa Kimasai kutoka Ngorongoro, Nasieku, ambaye hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba yeye bado hajui kompyuta ina nini ndani, angependa kwanza kutembeza macho. Nikamwita goigoi mbele ya wenzake. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa, na mimi nikasema afadhali.

Ulipoingia kidato cha pili ukaanza kujifunza kuandika programu, nilikuchomolea kipanya na wewe. Uliniomba nikurudishie. Ulisema unataka kufungua zile menyu za kihariri, ile programu mnayoandikia msimbo wenu, uone kuna nini. Nikakujibu kwamba anayejua anakokwenda haulizi njia. Jibu zuri lile, nililipenda mwenyewe, nikalirudia kwa watu. Lakini mtoto anayejifunza ndiyo kwanza hajui anakokwenda, Natalia. Njia ya mkato inamfaa aliyeipita ndefu akaichoka, na mimi nilikunyima ile ndefu.

Halafu yakaja yale maonyesho. Wageni wakija nyumbani nilikuwa naita, njoo mama, waonyeshe. Unakaa, mama yako anakufunika mikono kwa khanga, unafungua faili, unahamisha mistari juu na chini, unabadilisha jina la kitu kila mahali kwa mkupuo mmoja, unafunga, na mikono haijaondoka. Mjomba wako Bura alisema una majini kwenye vidole. Wanapiga makofi, mimi nimevimba kifua. Jioni moja walipoondoka ulikuja ukaniambia kidole chako kidogo kinawaka moto. Nikakuambia mazoezi hayajatosha. Nimepekua kumbukumbu yote tangu juzi, na naona ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuniambia kitu kinachokuuma.

Sasa na mimi nikuambie changu, nilichomficha kila mtu mpaka jana usiku nilipomwambia mama yako.

Unakumbuka ile likizo ya masika uliporudi kutoka chuoni, ukamkuta mama yako analima peke yake shamba letu la Qurus, na mimi nimekaa kibarazani na gazeti. Ulivumilia siku kadhaa. Kisha ukaja kusimama mbele yangu, kwa adabu kabisa lakini macho yamekuwa mekundu, ukaniambia, "Baba, mama anachoka." Nikakujibu kwamba mimi ni mtu wa ofisi, jembe nimemwachia anayeliweza. Uligeuka ukaenda kuchukua jembe jingine. Hukunisemesha vizuri mpaka likizo ikaisha, na ulikuwa na haki.

Ukweli ni kwamba jembe lilikuwa limeshanianguka. Msimu uliotangulia, nikiwa katikati ya tuta, mkono wa kushoto ulifunguka wenyewe, jembe likatua karibu na mguu wangu. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimekufa ganzi. Niliona ni baridi ya Karatu. Nikavaa soksi mkononi kama mwehu. Haikupita. Nikaenda kwa daktari bila kuaga, na akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwonyesha juu ya meza yake jinsi ninavyokandamiza kitufe cha Kontroli, kile cha konani, kwa kidole kidogo huku vingine vinanyooka kutafuta herufi. Akaniomba nirudie. Akasema kidole hicho ndicho kinyonge kuliko vyote na mimi nimekipa kazi ya punda. Nipumzike, nigawe kazi kwa mikono yote miwili, nitumie kipanya pale kinapofaa, niwe nainuka kitini, na kitapona maana bado mapema.

Nilitoka pale nimekasirika kama nimetukanwa. Nilirudi dukani nikapiga chapa mpaka giza likaingia, nimwonyeshe. Sikio la kufa halisikii dawa. Kilichokuwa kinaweza kupona kikakataa kupona, na sasa mkono wa kulia nao umeanza kufuata mwenzake. Kukamua nguo siwezi. Kifungo cha shingoni nafungiwa na mama yako, na alidhani ni madeko ya uzee. Darasani naelekeza kwa mdomo, wanafunzi wanasema mwalimu siku hizi amekuwa mpole.

Jana nilipomweleza mama yako hakulia. Aliniuliza kwa nini nilimwacha alime misimu yote ile akiamini ameolewa na mvivu. Niliona bora mniite mvivu, wewe na yeye, kuliko kusema mkono wangu hauna nguvu. Mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho, tena akiwa mwalimu. Na juzi pale mlangoni nikakusikia na wewe unaanza ujinga huohuo, kwa sababu yangu, na wewe bado mbichi. Nimeumia, Natalia, kuliko vidole.

Usinielewe vibaya. Sisemi njia za mkato ni upuuzi, zimetulisha, zimekusomesha. Wala sisemi kipanya ni dawa. Dada mmoja wa mapokezi niliyemfundisha alishinda amekikamata kutwa mpaka bega likakakamaa, akawa anageuka mwili mzima kama mbwa mwitu. Vyote viwili ni vyombo vya jikoni. Hakuna mwanamke anayejisifu kwamba amepika wali na maharage bila kugusa upawa.

Nikukumbushe kitu kimoja ulichokifanya, maana nadhani hukijui thamani yake, na mimi ndiye niliyekiharibu. Ni ile nyumba ya wageni ya Rhotia, ambayo mfumo wao wa kupanga vyumba ulikuwa unawapa watu wawili chumba kimoja, na wageni wanagombana kaunta. Tulikwenda wote. Nilitegemea ukae, vidole viruke, mwenye nyumba ashangae. Wewe ulikaa, ukakunja mikono, ukatazama nje dirishani kuku wa watu wanachakura. Nikaanza kukereka. Kisha ukakamata kipanya kilichokuwa pale mezani, ukateremsha ukurasa polepole unasoma, unarudi juu, unasoma tena. Mwishoni ukaandika mistari michache, ukasimama. Ugonjwa ulikuwa umekwisha.

Mwenye nyumba alifurahi mpaka akataka kutufungia jogoo. Na mimi, baba yako, tulipofika barabarani kusubiri bodaboda, nilikuwa na neno moja tu la kukuambia. Nilisema nimekuona umeshika kipanya.

Nimekuwa nikiirudia sentensi ile kichwani tangu juzi. Kazi yako yote siku ile ilifanyika mikono imetulia. Ukiulizwa wewe ni fundi wa nini, jibu liko pale dirishani. Vidole vilikuja mwisho kuandika kilichokwisha kujulikana, na vingekuwa polepole mara mbili yake wale wageni wasingejua tofauti. Hilo nilipaswa kukuambia barabarani. Nakuambia sasa, nimechelewa, lakini nakuambia.

Najua unachokiogopa. Siku ya usaili walikukalisha mbele ya kompyuta, na yule bosi akawaita wenzake waje watazame mikono yako. Ulipiga simu unacheka na kulia, nami nikawanunulia soda watu wote wa kibarazani. Sasa unawaza kwamba waliajiri ile mikono, na ukifika na mkono mbovu ndani ya miezi ya majaribio watasema walidanganywa. Inawezekana wakasema. Sitakuahidi kwamba watu ni wema. Tena atakuwepo kijana mmoja, hakosekani, ambaye kipanya chake amekiweka kabatini na anataka kila mtu ajue. Atakusogelea mshindane. Utatamani sana kumwonyesha, maana wewe una damu yangu. Mwache ashinde. Akikucheka mwambie baba yako alikuwa na kasi kuliko yeye, na leo anafungiwa vifungo vya shati.

Ninachokuomba ni hiki, na sijawahi kukuomba kitu. Siku ya kwanza, kabla hujaandika hata mstari mmoja, mwambie bosi wako mkono wako unauma na unahitaji kumwona daktari. Mwambie kwa mdomo wako, usimtume mtu. Kubali kipanya watakachokupa na ukitumie mbele ya wote, mkono wa kushoto ulale mapajani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu hakikuja kifo, ila nilizika shamba, nikamzeesha mama yako, nikakaa na binti yangu miaka mingi kama mgeni. Kama watakurudisha kwa sababu hiyo, rudi. Nisikilize vizuri: rudi. Hutasikia neno kutoka kwangu, na asitokee mtu wa kukucheka kibarazani mwangu. Kazi nyingine itapatikana, hata ikichelewa. Mimi nimeutafuta mkono wangu mpaka kwa waganga wa mitishamba na haujarudi.

Ungeweza kuuliza kwa nini sikukuita nikakuambia haya ana kwa ana. Nilijaribu asubuhi. Niliposema salamu, ukauficha mkono, na mimi nikauficha wangu mfukoni, tukatazamana kama wezi wawili waliokutana zizini. Nikaona niandike.

Barua hii mama yako atakupa kesho kabla ya chai, uisome kabla hatujatoka, kwa sababu kuna jambo la stendi. Begi lako kubwa na kile kiroba cha maharage atavipandisha mjomba Bura. Unajua desturi yetu, baba ndiye anayempakilia mwanawe mzigo wa safari, na watu watanishangaa nimesimama tu. Wakiuliza nitawajibu kwamba mikono yangu ni mibovu, na nitasema kwa sauti ya kusikika. Wewe nakujua, utataka kurukia upande wa pili kumsaidia mjomba ili wasinitazame. Usiguse. Njoo usimame ubavuni kwangu, na wakikuuliza na wewe, sema wako unauma.

Baba yako.